Kushika Kabla ya Kukata

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi ulipitishwa na chama cha TANU mwaka 1973, kisha ukasubiri zaidi ya miaka 40 kabla Serikali haijaanza kuhamia kweli kuanzia 2016. Tangu hapo kila anayejenga Nzuguni, Kisasa, Ihumwa au Mtumba anahitaji milango, fremu, vitanda, makabati na meza, na kazi hiyo imewaangukia mafundi seremala wa kando ya barabara. Malalamiko nayo hayakosekani: mlango umepinda, droo haifungi, mguu wa kitanda umelegea kabla mwaka haujaisha. Wengine wanamlaumu fundi kwamba hakusoma, wengine wanailaumu mbao kwamba ilikuwa mbichi, na mafundi wenyewe wanamlaumu mteja anayetaka kitu kizuri kwa bei ya chee. Kila lawama ina ukweli wake. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haitajwi, nayo inaonekana wazi ukisimama dakika tano mbele ya karakana nyingi za mtaani: fundi hana kitu cha kushikia mbao. Ana msumeno, ana randa, ana patasi, pengine ana mashine ya umeme, ila ubao anaoukata umelala juu ya meza na unacheza. Ninachodai hapa ni kwamba ubora wa samani zetu unaanzia kwenye kushika, na kwamba kwa fundi wa nyanda hizi za kati chombo kinachofaa kuliko vyote ni jiliwa la mguu, ambalo anaweza kulitengeneza mwenyewe.

Jiliwa, au vaisi kama wengi wanavyoliita, linajulikana zaidi kwa umbo la chuma linalofungwa ukingoni mwa meza. La mguu ni jingine. Mguu mmoja wa mbele wa meza ya seremala, kwa kawaida wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, unafanywa taya lisilosogea. Mbele yake unasimamishwa ubao mnene, tuseme wa inchi 2 kwa inchi 8, unaoanzia usawa wa uso wa meza na kushuka hadi karibu na sakafu. Hilo ndilo taya linalosogea. Sentimita 20 hivi chini ya uso wa meza inapita hesi moja kubwa, ya chuma au ya mbao ngumu, inayopenya taya na mguu na kuingia kwenye nati iliyofungwa nyuma. Chini kabisa unapita ubao mwembamba uliokazwa kwenye taya, unaoteleza ndani ya tundu la mguu. Ubao huo una safu ya vitobo, na katika kimojawapo inachomekwa pini. Pini ikigota kwenye mguu, sehemu ya chini ya taya haiwezi kuingia ndani zaidi, kwa hiyo ukikaza hesi, taya linabana juu, pale mbao ilipo. Hayo ndiyo yote. André-Jacob Roubo, seremala wa Paris aliyeanza kuchapisha kitabu chake kikubwa cha useremala mwaka 1769, alichora meza yenye jiliwa la namna hii, na wanaotengeneza meza za aina yake leo hawajaona haja ya kubadilisha mengi.

Faida yake inaonekana vizuri zaidi katika kazi moja ndogo: kukata ulimi mwishoni mwa ubao wa kulala wa mlango, ule utakaoingia kwenye tundu la ubao wa kusimama. Fundi amekwisha kuchora mistari kwa guni, miwili juu ya kichwa cha ubao na miwili kila ubavu. Msumeno unatakiwa ushuke ukigusa mstari bila kuula, upande wa mbele na upande wa nyuma kwa pamoja. Ubao ukisimama wima katika jiliwa, kichwa kikiwa juu kidogo ya usawa wa kiwiko, fundi anauinamisha msumeno, anaanza kwenye kona iliyo karibu naye, na macho yake yanaona mistari miwili kwa wakati mmoja, wa juu na wa ubavuni. Akifika nusu anaugeuza ubao, anakata kona ya pili, kisha anamalizia katikati, na msumeno unafuata njia zilizokwisha kufunguliwa. Sasa ondoa jiliwa. Ubao umelala mezani, kijana ameukalia au fundi ameukanyaga kwa mguu, na mstari wa upande wa chini hauonekani. Kila msumeno unaposukumwa ubao unatetemeka, na kila ubao unapotetemeka msumeno unapotea. Fundi mwenye akili anajua hilo, kwa hiyo anakata mbali na mstari ili asiharibu, kisha anamalizia kwa patasi huku ubao bado unacheza. Ulimi unatoka mnene huku na mwembamba kule. Unaingia tunduni kwa ulegevu, pengo linajazwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, na juu yake unapigiliwa msumari. Watu wakiuona msumari ule wanasema fundi mvivu. Mimi nauona kama dawa ya ugonjwa ulioanza hatua tatu nyuma, pale ubao ulipokataa kutulia.

Nguvu inayopatikana kwa chombo hiki ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na inafaa kuipigia hesabu. Chukua hesi ambayo kila mzunguko mmoja inasogea milimita 6, na mkono wa kukazia unaotoka sentimita 30 kutoka katikati ya hesi. Mkono ukizunguka duara kamili, ncha yake inasafiri karibu milimita 1,885 wakati taya linasogea milimita 6 tu, yaani uwiano wa zaidi ya 300 kwa 1. Msuguano wa hesi unakula sehemu kubwa. Tuseme unakula nne ya tano. Bado inabaki kama 60 kwa 1, kwa hiyo msukumo wa kilo 10, ambao mtu yeyote anaumudu bila kukunja uso, unakuwa kilo 600 kwenye hesi. Hapo ndipo urefu wa mguu unapoingia. Pini ikiwa sentimita 45 chini ya hesi, na mbao ikiwa sentimita 20 juu yake, nguvu inayoifikia mbao ni 45 kwa 65 ya ile ya hesi, karibu kilo 415. Ukifupisha taya ili pini iwe sentimita 20 tu chini ya hesi, nguvu inashuka hadi nusu ya ile ya hesi. Ndiyo sababu taya linashuka mpaka chini: urefu ule ni wenzo. Na ndiyo sababu pini inahamishwa kutoka kitobo hadi kitobo kulingana na unene wa mbao. Ikikaa mahali pake, chini panakuwa pana kuliko juu kwa kiasi kidogo sana, na taya linainamia mbao badala ya kuikimbia. Fundi anayelikuta jiliwa la mguu halishiki, mara nyingi atagundua pini imewekwa kitobo kimoja karibu mno na taya.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni la historia. Milango ya Zanzibar na Lamu, miji ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, ilichongwa na watu walioketi chini, mbao ikiwa imelala mbele yao, ikishikwa kwa uzito wake na kwa nyayo zao. Kama wao waliweza, kwa nini fundi wa Dodoma asiweze? Heshima yangu kwa kazi ile ni kubwa, na sitaki kuipunguza kwa kudai kwamba wangefanya vizuri zaidi wakiwa na meza. Katika nakshi, patasi inapigwa kuelekea chini, na gogo zito la mvule linajishika lenyewe. Mguu wa mtu unaweza kuigeuza kazi kwa wepesi ambao jiliwa haliwezi kuufikia. Lakini nakshi si kukata ulimi wala kupiga randa ubavu wa mlango, kazi ambazo zinaisukuma mbao kwenda mbele au kuiangusha upande. Tena tuangalie zana zenyewe. Japani mafundi wamefanya kazi za ajabu wakiwa wameketi sakafuni, ila msumeno wao na randa yao huvutwa, na anayevuta anaileta kazi kwenye mwili wake, ambao ndio unaoizuia. Msumeno na randa tunavyouziwa madukani sisi vina asili ya Ulaya, vya kusukumwa. Vilikuja Afrika Mashariki kupitia karakana za misheni, za reli na maduka ya vyuma, na katika karakana zile vilitumika mezani. Fundi alipotoka kwenda kujitegemea alibeba zana, meza akaiacha. Kwa hiyo anayesukuma randa ya chuma huku ameukanyaga ubao hafuati mila ya wazee wa pwani. Anatumia nusu ya mfumo ambao nusu yake ya pili haikumfikia, na mgongo wake ndio unaolipia kilichokosekana.

Mahali napo pana neno katika jambo hili. Dodoma ina mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 na mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo mkavu. Misonobari inayotoka Mufindi, kwenye shamba la Sao Hill, imekulia kwenye baridi na ukungu, na mara nyingi inafika hapa ikiwa na maji mengi ndani. Ikikaa kwenye nyumba ya Dodoma inasinyaa kwa upana wake, na kila kiungo kinajaribiwa. Msumari uliopigiliwa kwenye kichwa cha ubao unashika nyuzi vibaya tangu mwanzo, na mbao ikisinyaa kuuzunguka unalegea. Ulimi uliokaa sawasawa, wenye nyuso pana zilizogusana na gundi nyembamba katikati, unavumilia kwa sababu mbao inashikana na mbao. Wagogo wana ala inayolieleza jambo hili kuliko maneno yangu: ilimba, ambayo Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliisikilizisha dunia. Ndimi zake za chuma zinabanwa kwenye kisanduku cha mbao, na pale tu zilipobanwa barabara ndipo hutoa sauti safi. Ulimi uliolegea mahali unaposhikwa unakoroma, hata upigwe na nani. Kiungo cha samani nacho kinategemea kilivyobanwa wakati kinakatwa, kisha wakati kinagundishwa. Miaka yote ya ukavu itakayofuata haiwezi kurekebisha kilichokosewa hapo.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa mashine imekwisha kuja. Mbao zinaranduliwa kwa umeme, zinapasuliwa kwa msumeno wa duara, na kiasi kikubwa cha samani za ofisini ni chipbodi na MDF zilizounganishwa kwa skrubu. Ni kweli, na sioni sababu ya kumwambia fundi aache mashine arudi kwenye jasho. Lakini angalia mashine inafanya nini na inaacha nini. Inanyoosha ubao, inaupa unene ulio sawa, inaukata urefu. Haipunguzi ukingo wa droo moja iliyogoma kuingia kwenye kabati lake. Haipigi randa ubavu wa mlango wa sentimita 210 ambao umefika kwa mteja ukakuta fremu imepinda milimita tatu. Mlango ule unahitaji kusimama kwa ubavu wake, upande mmoja ukiwa umebanwa na jiliwa na mwingine ukiegemea kigingi kilichochomekwa kwenye mguu wa pili wa meza; ukishasimama hivyo, mtu mmoja anaumaliza bila msaidizi. Usiposimama, wanahitajika wawili, na mmoja wao kazi yake ni kuwa gogo. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo gharama kubwa iliyofichika katika karakana zetu: kijana aliyekuja kujifunza anamaliza miezi akishika mbao za mwenzake. Kuna faida ya kumtazama fundi kwa karibu, sikatai, lakini aliyeshika hawezi kushika msumeno. Na umeme ukikatika, mashine zote zinanyamaza, na kazi inayoweza kuendelea ni ile ya mkono.

Basi kwa nini asinunue jiliwa la chuma dukani, mambo yakaisha? Akiwa na fedha ya kununua lile kubwa la useremala, lenye taya pana na fimbo mbili za kuongozea, anunue. Ni chombo kizuri. Tatizo ni kwamba yanayopatikana kwa urahisi ni yale madogo ya mafundi vyuma, yenye meno yanayochubua mbao na mdomo wa sentimita chache. Hata lile zuri fimbo zake hupita chini kidogo tu ya uso wa meza, kwa hiyo ubao mpana ukisimamishwa katikati unagota kwenye fimbo. La mguu lina hesi moja tu, iliyo chini sana, na pembeni yake pako wazi mpaka sakafuni. Zaidi ya hapo, kitu pekee ndani yake kinachohitaji kiwanda ni hesi na nati, na Dodoma ni mji wa ujenzi: jeki za hesi zinazowekwa chini ya majukwaa ya wajenzi zina hesi nene na nati yake, na zikichakaa huuzwa kama chuma chakavu. Hesi ya jeki ya gari nayo inafaa. Fundi wa kuchomelea anaongeza sahani ya kufungia nati nyuma ya mguu na tundu la kupitishia mkono wa kukazia, na kazi imeisha kabla ya chai ya saa nne. Hesi za namna hii zina njia pana zisizojali vumbi la mbao wala mchanga wa upepo wa Agosti, ambao kwenye hesi nyembamba ni adui mkubwa.

Kuhusu taya, mtu atauliza kama mbao yenyewe haitapasuka kwa ukavu huu ninaousimulia. Itapasuka kama imechukuliwa mbichi. Mninga uliokauka ni mojawapo ya mbao zinazosinyaa kidogo sana, na ubao mmoja wa futi tatu unatosha. Unaweza kutoka kwenye mlango wa zamani au kitanda kilichovunjika. Kusema hivi si kuwahimiza watu wakate mninga. Mti huu, pamoja na mkongo, uliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ile ya spishi ambazo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali, na sababu yake inaeleweka kwa yeyote anayeona magogo yanavyozidi kufuatwa mbali. Hapo ndipo ninapoliona jiliwa kuwa jambo la msitu pia. Kitanda cha mninga kilicholegea baada ya miaka mitatu kinamrudisha mteja dukani, na mti mwingine unaanguka. Kikidumu miaka 40, mti ule umesubiri. Mwaka 2016 nchi nzima ilihangaika kutafuta madawati, baada ya elimu bila ada kujaza madarasa, na michango ikatoka kila kona. Dawati ni kiungo kinachosukumwa na watoto watatu kila siku ya shule. Idadi ya madawati yaliyotengenezwa ilitangazwa kwa fahari, na sawa, yalihitajika. Lakini dawati la misumari lina deni, na deni hilo linalipwa kwa mbao mpya.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka uleule wa 1973 Dodoma ilipochaguliwa, zote zina nafasi hapa bila kuhitaji bajeti mpya. Chuoni mwanafunzi anafundishwa kwenye meza imara. Akihitimu anakwenda kufanya kazi juu ya mbao mbili zilizolazwa kwenye farasi za misumari, na usahihi aliojifunza unabaki kule alikojifunzia. Kitu cha kwanza anachotengeneza mwanafunzi wa useremala kingekuwa meza yake mwenyewe, yenye jiliwa la mguu, aondoke nayo. Vijana wanaoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huwaza mashine kwanza. Meza ingetangulia, haihitaji mita ya umeme.

Linabaki pingamizi la mtaani, ambalo wanaojua maisha ya fundi hulitoa mapema: wengi hawana jengo. Wako kwenye kiwanja cha kukodi au pembeni mwa barabara, mwili wa meza unalala nje, na siku yoyote wanaweza kuambiwa wahame. Chuma kikiachwa nje usiku, asubuhi hakipo. Hili ni kweli kabisa, na jiliwa la chuma lililofungwa kwa bolti linaumia zaidi, kwa sababu halitoki kirahisi na linauzika kwa kilo. La mguu linafunguka. Unaifungua hesi mpaka itoke kwenye nati, unachomoa pini, unavuta taya pamoja na ubao wake wa kuongozea, na unaondoka nayo yote chini ya kwapa kama unavyoondoka na msumeno. Inayobaki nyuma ya mguu ni sahani ya nati iliyofungwa kwa bolti. Ukihamishwa, meza yenyewe ikigoma kubebeka, unaifungua sahani hiyo, na mguu mwingine wowote mnene wa inchi 4 kwa 4, mahali popote utakapopewa nafasi, unatobolewa matundu mawili na jiliwa linaanza kazi siku hiyohiyo.